Jostiki imechoka, ndege inavuta kushoto yenyewe. Nichukue ipi badala yake?

MbawaMbili

Wakuu salaam. Jostiki yangu nimeitumia miaka sita, na juzi imenifanyia kitu kilichoniondolea imani nayo kabisa. Nilikuwa natua na Cessna 172 kwenye X-Plane, programu ya kuigiza urubani kwenye kompyuta, upepo shwari, nguvu ya injini nimeshaipunguza, nimebakiza kama futi 200 hivi. Pua ikaanza kugeuka kushoto yenyewe. Nikauzungusha mpini kulia kidogo kurekebisha, wapi. Nikazidisha kidogo tu, ndege ikageuka kulia kwa kishindo. Nikaachia, ikarudi kushoto. Nikaishia kwenye nyasi pembeni ya njia ya kurukia.

Nimerudia mara nne, hali ni ile ile. Kwa hiyo natafuta mbadala. Matumizi yangu: siku za kawaida ndege ndogo na Airbus A320, mwisho wa wiki mapigano ya angani kwenye DCS (mchezo wa kuigiza ndege za vita) na wenzangu. Meza yangu ni nyembamba, pedali za miguu za kugeuzia usukani wa mkia sina. Nimepitia zilizopo nikajikuta navutwa na yenye vitufe vingi na throto (kidhibiti cha nguvu ya injini) yake humo humo. Wenye uzoefu nishikeni mkono, niangalie nini kwanza?

FundiLehemu

Pole mkuu. Usiizike kabla ya kuipima. Ukijua kilichokufa ndani, utajua pia usinunue nini tena.

Kama unatumia Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, kisha fungua sifa za jostiki yako. Wa Linux wana jstest-gtk, kazi ni moja. Toa mkono, kaa uangalie. Alama isiposhikwa na mtu inatakiwa itulie. Ikitetemeka, hapo pana ugonjwa. Halafu zungusha mpini polepole sana, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya kuzungusha, uone kama mstari unapanda taratibu au unaruka. Mwisho, peleka mpini kwenye kona, uachie, usome namba uliyorudia. Fanya hivyo mara kumi, kona tofauti tofauti. Jostiki nzima hurudi pale pale au karibu sana na pale. Iliyochoka kila mara hurudi mahali pengine.

Dalili zako zinanielekeza kwenye potensiomita ya msokoto, yaani ile inayosoma unavyouzungusha mpini. Ni kidude kile kile kilichokuwa kwenye kitufe cha sauti cha redio za zamani: ukanda wa kaboni na kidole cha chuma kinachousugua. Unakumbuka redio inavyokwaruza ukiongeza sauti? Mkwaruzo ule ule, kwenye jostiki unatokea kama ndege kuruka kulia.

MbawaMbili

Nimepima. Mbele na nyuma, kushoto na kulia vinatetemeka kidogo lakini vinatembea. Msokoto ndio msiba: nikizungusha kulia mstari unakaa pale pale, halafu unaruka mpaka karibu na mwisho bila kupita katikati.

Nimeifungua leo asubuhi. Skrubu za chini zilitoka vizuri, mbili zilikuwa zimejificha chini ya raba za miguu. Potensiomita iko kwenye shingo ya mpini, nyaya tatu. Ukanda wake ni mweusi wa moshi pande zote mbili, ila katikati pameng'aa kama sahani iliyosuguliwa, na pembeni ya hapo kuna unga mweusi mzuri kama masizi. Nikapitisha pamba, ikatoka nyeusi.

FundiLehemu

Umeona mwenyewe. Ule mng'ao wa katikati ni miaka yako sita. Huwa hatuzungushi mpini mpaka mwisho, tunagusagusa hapo katikati saa nzima, kwa hiyo ukanda unaliwa mahali pale pale tunapouhitaji zaidi.

Puliza dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, ile inayokauka bila kuacha mafuta, kisha zungusha mara hamsini hivi. Itapata nafuu. Kupona haitapona, kwa sababu kaboni iliyokwisha hairudi. Ukiwa na chuma cha kulehemu unaweza kubadilisha potensiomita yenyewe. Soma thamani ya omu iliyoandikwa ubavuni, chukua yenye thamani hiyo hiyo, ya mstari ulionyooka (huwa na herufi B au neno linear, lakini viwanda haviandiki namna moja, kwa hiyo hakikisha kwenye maelezo ya kifaa), urefu wa mhimili ule ule. Chunguza na nyaya pia. Mpini unaozunguka huzipindapinda pale shingoni, na waya uliokatika ndani ya ganda lake huleta dalili zile zile za potensiomita iliyokufa.

MbawaMbili

Mrejesho: dawa imefanya kazi siku mbili. Siku ya tatu imeanza tena kuruka. Nimeamua itabaki ya akiba, nitabadilisha potensiomita nikipata nafasi. Sasa turudi kwenye mbadala.

AngaNyeupe

Ngoja nichangie hapa kwa kirefu, maana hili ndilo lililonigharimu mimi muda mwingi.

Ndugu yangu, umeanza na vitufe. Anza na katikati. Ndege iliyo angani inarushwa kwa kusogeza mkono milimita mbili tatu kuzunguka kati ya jostiki. Kutua, kujaza mafuta angani, kushika mstari nyuma ya ndege ya mwenzako, kumwekea adui alama ya bunduki, vyote viko hapo. Kona za mwisho unazifikia mara chache. Kwa hiyo swali la kwanza kwa jostiki yoyote ni moja: nikiwa katikati, nikisukuma kidogo mno, ndege inanisikia? Au kuna kizuizi kidogo cha kuvuka, halafu mkono unapitiliza?

Mambo matatu ndiyo yanayoamua hilo.

La kwanza ni sensa. Potensiomita inasugua, kwa hiyo inakwisha. Sensa ya Hall haigusani na kitu: kuna sumaku kwenye sehemu inayosogea na kidude kinachopima nguvu ya sumaku hiyo. Kanuni yenyewe aliigundua Mmarekani Edwin Hall mwaka 1879, haina ugeni wowote. Pasipo msuguano hakuna unga mweusi. Kuna aina nyingine za sensa zisizogusana, za sumaku pia, zinazopima pembe, na zile za mwanga. Zote ni bora kuliko kaboni kwa mtu anayerusha kila siku.

Hapa pana mtego. Tangazo litakwambia jostiki ina sensa ya sumaku, na ni kweli, lakini ni kwa mihimili miwili mikuu tu, yaani mbele na nyuma, kushoto na kulia. Msokoto na throto vinabaki na potensiomita. T.16000M ya Thrustmaster iko hivyo: mpini wake una sensa ya Hall na ni sahihi sana, ila msokoto wake ni wa potensiomita. Sisemi ni mbaya, nimeirusha na kutua nayo ni raha. Ila wewe kilichokufa kwako ni msokoto, na pedali huna. Uliza mhimili mmoja mmoja.

La pili ni springi. Jostiki nyingi zina springi moja kubwa iliyozunguka shina la mpini, inasukuma kisahani kirudi chini. Ni muundo rahisi na haukatiki ovyo, lakini springi moja inahudumia pande zote, na kile kisahani kinatelezea kwenye plastiki. Ukitoka katikati unakutana na mkwamo mdogo, halafu ghafla unaachia. Muundo mwingine una springi ya kila mhimili peke yake na kipande kilichochongwa kama moyo ambacho kiroda kinakipanda. Watengenezaji VKB na Virpil wanafanya hivyo, na springi zao zinabadilishwa: laini kwa mwenye mkono mwepesi, ngumu kwa anayetaka kusukumana nayo. Virpil hata kile kipande kilichochongwa kinabadilishwa, unaweza kuchagua katikati inayosikika au isiyosikika.

La tatu ni ubora wa namba, yaani biti. Hili watu wanalikuza mno, nitalielezea nikirudi.

Shoto

Naomba niingie hapo kwenye mkono. Mimi natumia mkono wa kushoto na nimeona watu wanasahau kabisa kwamba mpini umechongwa kwa ajili ya mkono mmoja. Jostiki nyingi zina kiti cha kiganja upande wa kulia, ukiishika kwa kushoto vitufe vya kidole gumba vinakukimbia. T.16000M aliyoitaja AngaNyeupe ni ya mikono yote miwili, vipande vya kiganja na gumba vinafunguliwa na kufungwa upande mwingine. VKB nao wanatoa mpini wa kushoto.

Na wewe MbawaMbili unayerusha A320, fikiria hili hata kama si wa shoto. Nahodha wa Airbus anakaa kushoto na kijiti chake kiko kushoto kwake, throto ziko kulia. Ukitaka kurusha kama nahodha utahitaji jostiki inayokubali mkono wa kushoto. Thrustmaster wana TCA Sidestick iliyotengenezwa kwa mfano wa kile cha Airbus, nayo ni ya mikono yote.

MbawaMbili

Shoto asante, hilo halikuwa akilini kabisa. Mimi ni wa kulia na nitabaki kulia, kwa sababu ya DCS.

AngaNyeupe, malizia hiyo ya biti tafadhali. Kuna moja naiona imeandikwa biti 16 kwa maandishi makubwa kuliko jina lake.

AngaNyeupe

Tupige hesabu. Chukua mpini wa urefu wa sentimita 20 kutoka kiungio mpaka mkononi, unaolala digrii 20 kila upande. Jumla digrii 40.

Biti 8 zinaigawa safari hiyo hatua 256. Kila hatua mkono wako unasogea kama nusu milimita. Nusu milimita unaisikia: ndege inakwenda kwa vijipande, hasa kwenye kutua. Biti 10 ni hatua 1,024, kila moja kama sehemu moja na nusu ya kumi ya milimita. Hapo mkono wa kawaida unaanza kushindwa kubagua. Biti 12 ni hatua 4,096, kila hatua ni chini ya nusu ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Biti 16 ni hatua 65,536, na hatua moja ni kama sehemu mbili za elfu za milimita. Hakuna mkono wa binadamu unaotulia hivyo, na plastiki yenyewe inajipinda zaidi ya hapo ukiishika.

Kwa hiyo biti 12 zilizotulia zinaizidi 16 inayotetemeka. Ndiyo maana kile kipimo cha FundiLehemu, cha kutoa mkono na kuangalia namba, kina thamani kuliko maandishi ya boksi. Ukipata nafasi ya kuishika kabla ya kununua, kifanye hicho.

KasiMbili

Mimi naona mnazunguka. Chukua ya chuma tupu, Warthog, umalize kazi.

AngaNyeupe

KasiMbili, Warthog naiheshimu. Ni nakala ya mpini wa ndege ya vita A-10C, chuma kweli, sensa yake ni ya Hall. Lakini haina msokoto, na mwenzetu hana pedali. Akiichukua leo, kesho hana cha kugeuzia usukani wa mkia, na Cessna ikitua na upepo wa ubavuni hatakuwa na la kufanya. Tena mpini wa chuma ni mzito juu, unataka springi ya kuubeba na kitu cha kuufungia. Juu ya meza nyembamba bila kufungwa, ukivuta kwa nguvu kitako kinanyanyuka.

KasiMbili

Hilo la msokoto sikuliwaza. Mimi nina pedali. Nimekubali.

MwanaHelikopta

Kwa wanaosoma uzi huu na kurusha helikopta kama mimi, shika haya kidogo, kwenu mambo yanageuka. Kijiti cha helikopta halisi hakirudi katikati kwa springi kali kama tunavyozoea. Rubani anakiacha pale kinapotakiwa. Mi-8 ikiwa inaelea, mpini hauko katikati hata kidogo, na springi ngumu itakuchosha mkono dakika tano tu. Kwetu sisi chagua inayokuruhusu kuweka springi laini au kuzitoa kabisa na kuongeza msuguano wa kurekebishwa. Ukibaki na springi, DCS ina mpangilio wa trimu (kuufanya usukani ubaki pale ulipouweka) ambapo ukibonyeza inasubiri urudishe mpini katikati ndipo ianze kukusikia tena. Uwashe huo, usihangaike.

Na wa ndege za vita wasishangae nikisema hakuna sheria moja. Kijiti cha F-16 mwanzoni hakikusogea kabisa, kilipima nguvu ya mkono tu. Marubani hawakukipenda, kikapewa nafasi ya kusogea milimita chache.

FundiLehemu

Kuhusu throto iliyojengwa ndani, maana MbawaMbili uliigusa mwanzoni. Kile kijiwenzo kidogo kwenye kitako kinatosha kwa Cessna na kwa A320, ambayo throto yake inakaa kwenye vituo maalumu muda mwingi. Kwenye mapigano hakitoshi. Mkono wa kushoto unakaa juu ya throto saa nzima, na unahitaji vitufe vya kwake: breki za hewa, rada, redio. Ushauri wangu ni kununua jostiki nzuri sasa, throto ya peke yake baadaye, badala ya seti nzima ya wastani. Seti ikiharibika kipande kimoja, mara nyingi vimeunganishwa kwa waya mmoja na unabaki na nusu isiyo na kazi.

Vitufe navyo, hesabu kofia (vile vidude vya juu ya mpini vinavyosukumwa kwa kidole pande kadhaa), usihesabu vitufe. Kofia moja ya pande nne, ikibonyezwa katikati pia, inakupa amri tano bila kuhamisha kidole. Na kitufe kimoja ukikifanya cha kubadilisha maana, kama vile Shift kwenye kibodi, idadi ya amri inakuwa mara mbili. Vitufe vilivyopangwa kwenye kitako huvitumii vitani kwa sababu inabidi uachie kitu ili uvifikie.

Tausi_K

Habari zenu kaka zangu. Mimi nataka kuuliza kuhusu zile zinazosukuma mkono. Kuna mtu ananiuzia SideWinder Force Feedback 2 ya Microsoft iliyotumika, anasema hakuna kama ile.

AngaNyeupe

Karibu dada. Alichosema hakiko mbali na ukweli. Ile ni ya zamani sana, Microsoft waliacha kutengeneza jostiki miaka ya mwanzo ya 2000, lakini bado unazikuta zikifanya kazi. Ni ya USB, na DCS na IL-2 (mchezo mwingine wa vita vya angani) zinaisukuma vizuri: mbawa zikikaribia kupoteza nguvu ya kuinua ndege unausikia mpini ukitetemeka mkononi. Ukibadilisha trimu, kati ya mpini yenyewe inahama. Kwa mwenye helikopta hicho ni kitu kikubwa.

Ila kagua kabla ya kutoa pesa. Ina kisensa kinachotambua mkono umeshika mpini. Kikifa, nguvu hazitoki. Washa, shika, sikia kama mota zinaamka pande zote mbili. Sikiliza meno yake, yakigongana utasikia. Na hakikisha inakuja na waya wake wa umeme. Siku hizi kuna mpya za aina hiyo, Moza AB9 kwa mfano, lakini hizo ni nzito, zina nguvu za kweli na zinataka kufungwa kwenye kitu imara.

Tausi_K

Nashukuru sana kaka. Nitaikagua hivyo hivyo.

Shoto

Kufunga nako kuna siri yake. Ukiweza kuishusha jostiki kutoka juu ya meza ukaiweka kati ya magoti, unaweza kurefusha shina. Mpini wa sentimita 20 ukiongezwa 10, kwa pembe ile ile mkono unasafiri mara moja na nusu. Ile milimita mbili ya AngaNyeupe inakuwa tatu. Unapata utulivu wa katikati bila kugusa programu. Lakini uhakikishe springi zinaweza kubeba, na kiungio kiwe cha kuruhusu hivyo. Jostiki ya meza ya kawaida hairefushwi.

MbawaMbili

Wakuu, nimechagua. Nimechukua Gladiator NXT EVO ya VKB, ya mkono wa kulia. Sababu zangu ni hizi: msokoto wake nao hauna potensiomita, springi zinabadilishwa, na msokoto unaweza kufungwa siku nikipata pedali. Throto itasubiri.

Nimeiunganisha jana usiku. Kipimo cha kutoa mkono: imetulia tuli. Kipimo cha kona: mara kumi zote imerudi pale pale. Nikafurahi sana. Kisha nikaingia DCS, nikaondoka, na nikipandisha nguvu ya injini pua inanyanyuka. Nikizungusha mpini, ndege inalala ubavu. Nimechanganyikiwa.

FundiLehemu

Tulia, jostiki yako ni nzima. DCS ikiona kifaa kipya inakigawia mihimili yenyewe, na ile ya zamani bado umeiacha imechomekwa, sivyo? Amri moja inasikiliza vifaa viwili. Ingia kwenye mipangilio ya vidhibiti, chagua ndege yako, nenda kwenye orodha ya mihimili, usome mstari kwa mstari. Kila amri ibaki na mhimili mmoja tu. Vingine vyote futa, hata vya panya. Na ni kwa kila ndege, ukihamia nyingine unarudia.

Ukiwa humo humo: usiisawazishe kwa Windows. Ule usawazishaji ulikuwa dawa ya potensiomita zilizohama. Jostiki ya sensa ya sumaku inakuja imesawazishwa na programu yake, na ukipitisha wa Windows juu yake unaweza kuiharibia katikati. Kama umeshafanya, kwenye dirisha lile la joy.cpl kuna sehemu ya kurudisha hali ya mwanzo.

MbawaMbili

Ni kweli, ya zamani ilikuwa imechomekwa. Nimefuta, sasa imekaa sawa. Na ukanda mfu, ile sehemu ya katikati ambayo mpini ukisogea ndege haisikii, niweke asilimia ngapi? Kwenye ile ya zamani nilikuwa nimefika asilimia 12.

AngaNyeupe

Sifuri kwenye mihimili mikuu. Ukanda mfu ni plasta ya kidonda, na jostiki hii haina kidonda. Ukiweka 12 umetupa sehemu ile ile uliyoilipia. Kwenye msokoto weka mbili au tatu, kwa sababu mkono ukivuta kwa nguvu kulia huwa unajizungusha kidogo bila wewe kujua, na mkia unafuata.

MwanaHelikopta

Hapo kwenye sifuri naungana nawe. Kwenye mstari wa mwitikio, unaoamua ndege iitikie kiasi gani kwa kila msogeo wa mpini, je? Mimi naupinda 15 kwenye DCS, pua na ubavu.

AngaNyeupe

Mimi naanza bila kupinda hata kidogo, wiki mbili, ndipo niamue. Ukiupinda mstari katikati inalegea, lakini kile ulichokitoa katikati kinarudi kwenye kingo, huko mwisho kunakuwa na kasi zaidi. Kwenye ndege ya abiria hutaona tofauti. Kwenye vita, ukivuta kona kali, ndege inakutoka mkononi pale pale ulipohitaji kuishika. Kwa jostiki fupi ya mezani 10 mpaka 15 naielewa. Ila asianze nayo.

MwanaHelikopta

Mimi nitabaki na 15 yangu, mkono wangu umeshazoea. Lakini kwa anayeanza upya, fuata ya AngaNyeupe.

FundiLehemu

La mwisho kutoka kwangu: waya. Ichomeke nyuma ya kompyuta moja kwa moja, usipitishie kwenye habu isiyo na umeme wake. Kwenye Windows nenda kwa msimamizi wa vifaa, kwenye habu ya USB, uondoe alama inayoruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa umeme. Nimeona watu wakirudisha jostiki nzima dukani kwa sababu inakatika katikati ya safari, kumbe kompyuta ndiyo inayoilaza. Na waya usiupinde pale unapoingia kwenye kitako.

MbawaMbili

Wakuu, nimerudi. Nimefanya yote. Jana nimetua na Cessna mara nane mfululizo, ile ile iliyonipeleka kwenye nyasi. Mara tano za mwanzo niliweka upepo shwari, tatu za mwisho upepo wa ubavuni wa noti 12 (kama kilomita 22 kwa saa). Kilichonishangaza ni kwamba mwanzoni nilikuwa narekebisha kupita kiasi. Miaka yote sita mkono wangu ulizoea kusukuma mpaka uvuke ule ukanda mfu ndipo ndege isikie. Sasa inasikia kabla sijajua kama nimesogeza. Kutua kwa tatu ndipo mkono ulipoanza kutulia.

Kwenye ile ya mwisho niliupinda mpini kidogo upande wa upepo, nikazungusha polepole kunyoosha pua na mstari wa katikati, na pua ikaja taratibu, nikaona gurudumu la upande wa upepo linagusa kwanza, kisha la pili. Nilikaa kimya kidogo kabla ya kuzima injini.

Springi nimeziacha zilizokuja nazo. Swali moja limebaki: nikipata pedali, ule msokoto niufunge kabisa au niupe kazi nyingine?

MwanaHelikopta

Ufunge. Ukiwa na pedali, mkono unaozunguka ni usumbufu tu.

Shoto

Mimi nimeupa kazi ya kugeuza gurudumu la mbele nikiwa ardhini, kwenye A320. Jaribu zote mbili, utaona ipi mkono wako unaipenda.